Misa ya Mfalme Aliyemezwa na Joka

Mume wangu Beno, mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Mbinga tu wazima. Mpinzani wako, babu yako, bado anabishana na redio.

Unauliza kwa nini nakirudia kile kitabu kinene kilichokushinda pale mfalme alipomezwa na joka. Zamani, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja, niliwasomea majirani kitabu hicho tukichambua kahawa. Tulipofika hapo, Mama Tekla alilia, akaenda parokiani kumwombea mfalme misa ya marehemu. Padri akamtaja altareni, bila kujua ni mtu wa kitabuni.

Kesho yake nikaendelea kusoma: joka likamtapika mfalme, mzima!

"Mnaona?" akasema Mama Tekla. "Misa yangu hiyo."

Tangu hapo, nikifika pale, napiga kwanza ishara ya msalaba, asije akabaki tumboni. Wewe umemwacha humo tangu Pasaka. Mtoe, baba.

Bibi yako