Msalaba wa Enok Ng'ambo ya Barafu

12 Julai 1969

Ujuaq, baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila magoti. Sijui wewe na binamu yako Asser mmeamkaje huko kambini. Mchungaji ameniona nikiandika "baba" juu ya bahasha ya binti yangu, akacheka. Mwache acheke, yeye ni mgeni. Ulipopewa jina la marehemu baba yangu ulipewa na heshima yake, na tangu hapo sijakugombeza hata siku moja, hata ulipomwaga kahawa ndani ya buti za wageni.

Barua hii anakuletea Gideon, anaingia ndani ya ghuba kuwinda sili. Bahari ya nje bado imezibwa na barafu ya kaskazini. Hakuna mashua itakayozunguka rasi mwezi huu. Njia ni yenu tu: kayaki mpaka mwisho wa ghuba, kuzibeba juu ya mto wa barafu, kisha kushuka ghuba ya pili hadi kijiji cha zamani, alikolala baba yako Enok.

Tafuteni mwamba mweusi wenye mgongo wa sili. Ndivyo baba alivyonifundisha. Hapo barafu inakutana na nchi kavu, laini kama sakafu. Mtavuka kwa siku moja.

Tangu Februari, maradhi yalipomkamata mawindoni, ana mawe juu yake na ubao wa sleji kichwani. Sitaki majira mengine ya baridi yamkute hivyo. Msalaba mliouchukua usimamishe ukitazama maji. Alikuwa hapati usingizi bila kujua mlango uko upande gani.

Mwanao,
Jakobine

20 Julai 1969

Mama Jakobine, mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, ila Asser anasema hewa ya huku inaongeza njaa. Na wewe, magoti yakoje?

Mwamba tumeuona. Uko majini. Mgongo ni ule ule wa sili, lakini barafu imerudi nyuma mwendo wa nusu saa wa kupiga kasia, na katikati ni bahari. Mbele kuna ukuta mrefu kuliko kanisa mara tano, na unaangusha vipande kutwa nzima. Kimoja kilipodondoka tuligeuza kayaki tukalikabili wimbi, likatuinua likatushusha. Hatukungoja la pili.

Tukapanda kando yake kwa miguu. Juu ni nyufa tupu, theluji imezifunika. Asser alizama mpaka kifuani, kamba tuliyofungana ikamshika.

"Upo?" nikamwuliza.

"Nipo. Miguu ndiyo imetangulia ng'ambo. Vuta basi, Babu, au uzee umekukaba?"

Unajua hataacha kuniita Babu hata akiwa mautini.

Jioni, tuliporudi chini kwenye kayaki, hewa ikatulia mno, kisha juu ya barafu ukatokea moshi wa theluji. Tukajua piteraq, ule upepo mkali wa barafuni, inashuka. Tukajaza mawe ndani ya kayaki tukazilalia kifudifudi siku nzima na nusu. Upepo ule haupulizi, unasukuma. Hema limekwenda zake. Gideon ametuachia turubai lake.

Kuna njia nyingine. Kaskazini ya ukuta nimeona bonde la changarawe linalopanda hadi kwenye barafu isiyo na theluji, nyufa zake zinaonekana wazi. Ni siku tatu, na siku mbili kati ya hizo hazina pa kujificha upepo ukija. Naamini tunaweza. Lakini nikikosea utakuwa umezika watatu mwaka mmoja. Kwa mara hii nivue huo ubaba. Ukitaka kunikataza, nikataze, nitarudi na msalaba nyumbani.

Binti yako,
Ujuaq

27 Julai 1969

Mwanangu Ujuaq,

Leo shikamoo ni yako kunipa, nami naitikia kabisa. Nimefurahi miguu ya Asser imerudi kwake. Mimi sijambo.

Nilikaa na barua yako siku mbili. Neno la kukataza nilishaliandika, nikaichana karatasi. Baba alinionyesha njia ile nikiwa na miaka minane. Sasa nina hamsini. Nilidhani barafu hukaa mahali pake, kama jiko. Nimewapeleka chini ya ukuta kwa kumbukumbu ya mtoto mdogo. Nisamehe. Njia siijui tena. Anayeiona ni wewe.

Ukungu ulipotukuta baharini, Enok alikuwa anakupa wewe usukani, na ulikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye anakaa mbele, anatafuna samaki mkavu, hageuki. Nikamwuliza siku moja, "Wewe huogopi?" Akasema, "Naogopa. Ndiyo maana natafuna."

Basi nami natafuna. Nenda. Barafu ikikwambia rudi, rudi. Msalaba tutausimamisha mwaka mwingine, Enok hana haraka.

Mama yako

31 Julai 1969

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, na tumeshiba sili wa Gideon.

Tumengoja siku nne upepo upite. Leo umekwisha nguvu, na barafu ya juu imekauka vizuri, inashika buti. Jana tulipandisha mizigo nusu ya bonde. Asser na kayaki kichwani ukimwona kwa mbali utadhani nyangumi amejifunza kutembea. Nimemwambia hivyo, akanijibu, "Nyangumi angekuwa na akili, angebaki majini."

Ng'ambo hakuna wa kubeba barua mpaka bahari ifunguke. Kwa hiyo nikinyamaza, ni posta iliyonyamaza, si mimi. Kula vizuri.

Binti yako,
Ujuaq

29 Agosti 1969

Ujuaq, baba yangu na mwanangu,

Shikamoo, na marahaba yangu naichukua pia. Natumaini hamjambo wote wawili.

Wiki nne. Nimekuwa nikiosha kikombe cha Enok kila asubuhi, ingawa hakuna aliyekinywea.

Jana Gideon alipanda kilele cha kisiwa cha rasi na darubini yake, kisha akaja moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu. Ameona moshi kwenye kijiji cha zamani, turubai lake, na kayaki mbili zimepinduliwa juu ya mawe.

"Mbili?" nikamwuliza.

"Mbili."

"Umehesabu vizuri?"

"Mama Jakobine, hadi mbili nafika."

Msalaba hakuuona. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mteremko wa makaburi. Nilikaa papo hapo ngazini nikala mkate wote aliokuja nao.

Barafu imeanza kutawanyika. Kesho anajaribu kuzunguka rasi awachukue, na barua hii ameiweka kifuani. Najua mkimwona mtaanza kufunga mizigo. Kabla hamjapanda mashua, nenda kwa baba yako mara moja, peke yako. Usimpe habari nyingi. Mwambie magoti ndiyo yaliyonizuia, si kingine. Mwambie kwamba Jakobine anaomba akumbukwe.