Posa Niliyoipokea Bila Wewe

Quakers Hill, Sydney

Mdogo wangu Elija,

Nakusalimu kwa upendo, hata kama umeninunia. Mgongo umepoa? Mvua zimefika huko Taita, au bado mnatazama mawingu? Mimi moyo umechoka. Daktari ameacha kunificha, nami nimeacha kumwuliza. Ndiyo maana naandika sasa, mkono ungali unanitii.

Jumapili nilipokea posa ya Neema, mjukuu wangu. Mimi, mwanamke, bila wewe ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kauli. Wakongo, watu wa upande wa mwanamume, walikuja na vitenge vya sare, wakakataa kuketi mpaka nilipoletwa sebuleni kwa kiti cha magurudumu. Kijana anayemtaka Neema anaitwa Baraka; mjomba wake akaniinamia.

"Mama, shiye tulikuya na heshima. Mukubwa wa hii nyumba njo nani?"

Binti yangu Grace akadakia, "Tumpigie mjomba Kenya kwanza."

"Mkubwa ni mimi," nikasema. "Leteni maneno yenu."

Neema akacheka huku analia. "Nyanya, wewe ni moto!"

Najua ulichosema kwenye simu: kwamba kibarua wa ghala la huku Ingleburn, tena mkimbizi, hawezi kuoa nesi wa tabaka letu, na kwamba nikimpokea, nisahau kaburi kando ya mama.

Tabaka gani, Elija? Nilifundisha historia ya Uingereza mpaka nikastaafu, nawe ulikaa dawati la mbele. Kumbuka ile karne ya kumi na sita: mabwana wakubwa juu, chini yao waungwana wenye ardhi, kisha wakulima wenye mashamba yao, mafundi, vibarua, na mwisho wazururaji waliochapwa viboko na kurudishwa walikozaliwa. Hata kanisani watu walikaa kwa vyeo. Lakini mkulima akitajirika aliacha kushika plau, akajinunulia nembo ya ukoo, na wajukuu wake wakaapa kwamba walikuwa waungwana tangu zamani.

Huyo ndiye baba yetu. Wewe ulizaliwa akiwa karani mwenye koti. Mimi nilimwona akikata mkonge kwenye shamba la Wazungu, alikofika bila ndugu wala kwao, amefukuzwa na njaa. Yale makovu ya mikononi aliyokuambia ni ya chui, ni ya mkonge. Alinisihi ninyamaze, nikanyamaza hata baada ya kumzika. Sasa nimesema, na usinijibu kwamba nimechanganyikiwa. Kichwa ndicho kiungo pekee kisichoniuma.

Baraka akitoka kazini hupitia hapa, hunigeuza kitandani na kunitania nisijione mzigo. Huyo ndiye unayetaka nimfukuze ili nizikwe vizuri? Hilo kaburi mpe anayelihitaji ili aheshimiwe. Nimekwisha kumwambia Grace anizike huku.

Nisalimie mkeo, wifi yangu, aliyemwuguza mama mpaka mwisho. Mwanao wa mwisho, yule fundi wa gereji, mwambie asifiche mikono yenye grisi wageni wanapokuja. Na mama yetu mdogo aliyebaki, mwambie bado namkumbuka katika sala.

Harusi ni mwezi ujao. Nikiwa hai, nitakaa upande wa bwana harusi. Nikiwa nimekufa, wameniahidi hawataiahirisha.

Ni mimi dada yako mkubwa, nikupendaye bila kukuomba ruhusa,

Eseri