Kelele Iliyo Baada ya Sauti Yangu

Kolwezi, tarehe 18 mwezi wa saba, 1993.
Leo ni miaka tisa na miezi mitatu tangu nilipotoka Kasongo.

Kwako Yaya Amisa, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, Mama, shemeji na watoto wote wa nyumbani. Goti la Mama linaendeleaje? Mpunga wa mwaka huu ulitosha? Mimi ni mzima kwa uwezo wa Mungu, ila mgongo unaniuma asubuhi. Moussa, anayekuletea barua hii, atakuambia nimekonda sana. Usimsikilize, unamjua, hata barabara ya kilometa kumi yeye huifanya ishirini.

Kabla hujaendelea kusoma, Yaya, fanya jambo moja. Ile kaseti niliyompa Moussa mwezi wa tatu, yenye sauti yangu, itoe kwenye redio. Ifunge katika kitambaa, uiweke mahali pakavu, mbali na watoto. Mtu yeyote asirekodi kitu juu yake, hata Mama, hata salamu ya neno moja. Moussa ameniambia kwamba Mama anataka kunijibu kwenye kaseti hiyohiyo, na anangoja betri tu. Betri hizo sikuzituma, na sikusahau. Nitakueleza, lakini niache nianze mbali.

Unajua nilikuwa nabeba mabomba kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba. Bomba moja la chuma hubebwa begani na watu wanane, kushuka hadi chini kwenye maji. Wenzangu walikuwa warefu, na mimi urefu wangu unaujua. Mtu akikosea hatua, uzito wote unawaangukia wengine, na bomba likianguka linavunja mguu wa mtu. Kwa hiyo sisi wafupi tulikuwa na desturi yetu. Tunakwenda na warefu hatua nne, na ile ya tano tunaipiga mara mbili, haraka haraka. Wao tano, sisi sita, na bomba halitikisiki. Kiongozi wetu alihesabu kwa kuimba: moja, mbili, tatu, ine, tano na yako! Hiyo "na yako" ilikuwa yangu. Wakanipa jina hilo. Kila asubuhi walinichokoza: "Na-Yako, miguu yako ingine umeiacha ku nyumba?" Nami niliwajibu kwamba nimewaachia wake zao waitunze.

Kisha kampuni ikaanguka. Pampu zikasimama moja baada ya nyingine, maji yakapanda ndani ya mashimo, na sisi wa mabomba tukaambiwa turudi nyumbani tungoje. Fundi wa umeme wa pampu zile aliitwa Tata Polycarpe, yaani Baba Polycarpe. Alizaliwa hapa Kolwezi, lakini wazazi wake walitoka Kasai. Yeye alianza kutengeneza redio na televisheni kwenye baraza ya nyumba yake, na akanichukua nimbebee. Nilitembea mji mzima na televisheni za watu kichwani. Mchana mkewe, Mama Godelieve, alinipa bukari, ugali wa huku, na sombe ya majani ya muhogo, na hakuna siku alinihesabia matonge.

Sasa sikiliza maajabu. Mzungu mmoja aliyekimbia wakati wa uporaji wa mwaka tisini na moja alimwachia Tata Polycarpe kompyuta ndogo, yenye vitufe kama taipureta. Ndani yake unaweza kuingiza mchezo kutoka kwenye kaseti. Kaseti ya kawaida, Yaya, kama za muziki. Ukiicheza kwenye redio unasikia kelele tu, kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji, kama panzi elfu. Lakini ukiipa kompyuta kelele hiyohiyo, inangoja, inameza, na baadaye kwenye televisheni anatokea mtu mdogo mwenye taa mkononi, anapanda ngazi, mawe yanamwangukia, naye anaruka. Nilipomwona mara ya kwanza nilisema Subhanallah na kukaa chini. Mtu mzima, na ngazi zake, na mawe yake, wote walikuwa ndani ya kelele.

Mzungu alikuwa amesema kwamba mashine hiyo huku kwetu haina faida, kwa sababu aliinunua Amerika. Tata Polycarpe alinieleza kwamba kila nchi ina namna yake ya kuchora picha ya televisheni. Wamarekani huichora mara sitini kila sekunde. Sisi tulifuata Wafaransa, mara hamsini, na hata rangi tunazituma kwa njia nyingine. Ndiyo maana picha ilikuwa inakimbia kwenda juu bila kusimama, tena nyeupe na nyeusi tupu. Mtu mwingine angeiuza. Yeye alisema televisheni ni masikio ya kigeni tu, na kazi yake ni kuwafundisha wale wawili, mashine na televisheni, kusikilizana.

Alifungua tumbo la mashine. Alikata njia moja nyembamba kama unywele, akaunganisha nyingine, na picha ikasimama. Kisha akatafuta mahali ambapo rangi zinazaliwa kabla hazijachanganywa, akazitoa kwa nyaya tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kuzipeleka moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la televisheni. Siku ile rangi zilipotoka, majirani waliruka ukuta. Taa ya yule mtu ilikuwa ya njano, Yaya, njano kama ya embe lililoiva. Tulikuwa tumemzoea akiwa na rangi ya majivu. Mama Godelieve alipiga vigelegele, kisha akauliza kama sasa mumewe atatengeneza pia mlango wa jikoni.

Lakini mimi nilisikia kitu. Mwanzo, picha ilipokuwa inakimbia, wimbo wa mchezo ulikuwa mwepesi. Picha iliposimama, wimbo ukawa mzito, na yule mtu aliruka kama aliye ndani ya maji. Nilimwambia Tata. Alishangaa kwamba nimesikia, akasema ni kweli, mchezo unapiga hatua moja kila picha inapochorwa, na sasa picha ni hamsini badala ya sitini. Alikuwa ameumiza kichwa juma zima juu ya jambo hilo, daftari limejaa namba.

Yaya, mimi niliishia darasa la nne. Lakini nilisimama pale barazani nikamwonyesha kwa miguu. Nikamwambia kwamba televisheni yetu ni warefu, mchezo ni mimi. Nikatembea nikiimba: moja, mbili, tatu, ine, tano na yako. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alihesabu hatua zangu kwa vidole. Mara ya tatu alichukua kalamu. Hamsini ni tano mara kumi, alisema, na sita mara kumi ni sitini. Kila picha ya tano, mchezo upige hatua mbili.

Ilimchukua siku kumi na mbili kubadilisha namba za mchezo moja moja. Siku ya mwisho aliniita nisikilize nikiwa nimefumba macho. Wimbo ulikuwa umerudi mwepesi vilevile. Nikafumbua macho, na yule mtu alikuwa anapanda ngazi kwa rangi zake zote, bila kuchechemea. Hatua zangu za Mashamba zilikuwa ndani yake. Nimebeba chuma miaka saba na hakuna alama yangu popote, mashimo yenyewe yamejaa maji, lakini pale nilijiona. Sikuweza kula siku ile.

Sasa ninafika kwenye ubaya. Unajua yaliyotokea huku kwa watu wa Kasai, kwamba walifukuzwa kazini, kisha nyumbani. Mwezi wa nne vijana wa mtaa walifika kwa Tata Polycarpe. Walimwita mdudu, yeye aliyewatengenezea redio zao. Walichukua vitanda, sahani, hata mlango ule wa jikoni ambao alikuwa ameutengeneza hatimaye. Vyeti vyake vya kazi na daftari la namba walivitia moto. Kompyuta ilipona kwa sababu Mama Godelieve aliizika ndani ya beseni la unga wa muhogo na kulibeba kichwani mbele ya macho yao.

Tangu hapo wanakaa kwenye stesheni, chini ya turubai, na maelfu ya wengine, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai ambako hawajawahi kuishi. Mimi huwapelekea maji na kuni. Siku ya tatu Tata alinivuta kando. Alisema kompyuta ikizimwa inasahau kila kitu, na kazi yetu yote iko kwenye kaseti moja tu. Huko Mwene-Ditu, mji wa Kasai wanakopelekwa, hakuna anayemjua, hana karatasi, na hicho ndicho cheti pekee kilichobaki cha kuonyesha kwamba yeye ni fundi. Akaniomba nikaitafute ndani ya nyumba. Kaseti hiyo, alisema kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie, imeandikwa Kwaya ya Pasaka. Kaseti tupu zilikuwa zimekosekana, akachukua ya mkewe na kurekodi juu yake.

Yaya Amisa, tazama kaseti uliyo nayo. Kwaya ya Pasaka ni ile iliyo kwenu.

Mwezi wa tatu Moussa alikuwa anaondoka, nami nilitaka Mama asikie sauti yangu kabla hajanisahau. Niliona kaseti hiyo kwenye rafu. Nikajiambia kwamba nyimbo hizo Mama Godelieve anazijua kwa kichwa, hatazikosa. Sikuomba. Sikuisikiliza kwanza, nilikuwa naogopa kumaliza betri. Nilirekodi salamu zangu tangu mwanzo wake na kuipeleka kwa Moussa.

Na pale stesheni sikumwambia. Nilikwenda, nikazunguka nyumba tupu, nikarudi na kusema kwamba vijana wameichukua. Mama Godelieve alisikia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu walipofukuzwa, akasema basi wezi wale wataimba Pasaka vizuri. Tata Polycarpe aliinamisha uso. Wale vijana walimwibia mengi, lakini kitu hiki niliiba mimi, niliyekula sahani moja naye, kisha nikawatwika wao. Miezi mitatu nimempelekea maji na uongo huo tumboni.

Juzi Moussa alirudi. Aliniambia Mama alilia kwa furaha, ila mwisho wa salamu zangu kuna kelele mbaya, kama mafuta ya moto, na Mama aliogopa akidhani mashine imenipasukia usoni. Moussa alishangaa kuona ninamkumbatia. Tata Polycarpe alikuwa na kawaida ya kurekodi kazi yake mara tatu mfululizo kwenye kaseti, kwa kuogopa vumbi. Mimi nilifuta ya kwanza na labda ya pili. Kelele aliyoisikia Mama ni ile ya tatu. Mwambie asiogope. Mwambie ndani ya kelele hiyo kuna mtu mwenye taa ya njano, na anatembea kama mwanawe.

Barua hii inatangulia na Moussa, anayeondoka leo. Wanasema treni itafika mwisho wa mwezi huu. Nimemwomba Tata nimbebee mizigo hadi Kamina, pale njia zinapoachana, ya kwao kwenda Kasai na ya kwetu kwenda kaskazini. Kabla ya Kamina nitamwambia yote, mbele ya mkewe, pamoja na jinsi alivyorekodi juu ya Pasaka ya mkewe, kwa sababu siwezi kusema ukweli wangu na kuuficha wa mwingine. Akinishusha njiani, nitatembea kwa miguu.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na Mama zaidi. Nilikuwa nimekuahidi kurudi nikiwa na bati la paa. Nitarudi mikono mitupu, mwezi wa tisa, mvua za kwanza zikiwa zimeanguka. Nitalala siku tatu miguuni pa Mama, na ya nne nitachukua kaseti kwenda Mwene-Ditu.

Mdogo wako,
Alfani, anayeitwa Na-Yako