Maharagwe ya Virgo

Jumatatu, 15 Aprili 1996

Likizo, Gachoka. Nimefungua bahasha ya Dakta Muturi wa chuo kikuu. Ndani — picha ya galaksi! Ya kundi la Virgo, majirani zetu wa miaka milioni hamsini ya mwanga. Rangi zimegeuzwa: karatasi nyeupe, nyota nyeusi. Vidoa vinavyoizunguka ni vishada vya nyota, na kazi yangu ni kuvihesabu. Mtu wa pili naye ahesabu kivyake, hesabu zikaribiane, barua niitume Ijumaa. La sivyo nafasi ya masomo anapewa mwingine, nami nizeekee kufundisha Fomu Two. Mama ametazama, akasema nzi wamenichafulia karatasi.

Jumanne, 16 Aprili

412! Nimeweka karatasi ya kuchorea juu ya picha, kila kidoa nukta ya penseli. Macho yanatoka machozi. Mwenye macho hapa ni mama — anamtambua kila mbuzi wake hata akiwa ng'ambo ya korongo. Nimemwomba ahesabu. Weh! Amenikemea: kwani sikulelewa? Mbuzi hawahesabiwi, watoto hawahesabiwi, wakihesabiwa watakwisha. Leo nataka kumhesabia Mungu nyota zake!

Jumatano, 17 Aprili

Dawa nimepata! Asihesabu. Kwa kila kidoa atie haragwe moja bakulini. Kuhesabu maharagwe ni juu yangu. Haragwe si mtoto wa mtu. Amekubali. Siku nzima na lenzi yangu, anaongea na vidoa kama na mbuzi: wewe nimekuona, pita. Amemaliza giza likiingia. Nitahesabu kesho nikitoka Embu kununua stempu.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimerudi saa nane. Pasta Kithaka yuko mezani. Bakuli tupu. Sufuria inanukia kitunguu.

Mama! Anasema mgeni alikuja asubuhi bila taarifa, na maharagwe ya gunia yana mawe. Yale yalikuwa yamechaguliwa moja moja.

Nimejaribu kuhesabu kwenye sahani ya pasta. Ameacha kutafuna, akauliza kama nina shida. Nimelia, sifichi.

Mama amevuta karatasi yangu ya penseli. Nisilie, anasema. Wawili sikuwatia alama, wamejificha ubavuni mwa mama yao. Na huyu wa pembeni si wao, ni wa boma lingine. Nimechukua lenzi — kweli! Wawili, wadogo. Na yule wa pembeni ni galaksi nyingine, ya mbali kabisa!

Nimeruka. Kalamu mkononi. Basi jumla yako ni wangapi, mama?

Amenitazama kama nimetukana mbele ya mgeni. Mbuzi hawahesabiwi, amesema, akamwongezea pasta maharagwe.