Chama cha Hiari

Jumatatu, 6 Julai 1953
Nipo kwenye mizani tangu alfajiri. Mgongo unauma. Watu wa kina Maduhu wameleta pamba yenye mchanga, nimewarudisha wakaichambue upya. Wamenuna. Wanune tu.

Mzee Lugwisha alitaka gunia lake lipimwe mara tatu. Si kwamba hana imani nasi. Maisha yake yote hajawahi kuruhusiwa kusogelea mizani, alikuwa akitajiwa uzito kutoka upande wa pili wa meza. Nikampimia mara tatu. Alitoka anacheka peke yake.

Msajili wa vyama vya ushirika atakuja kutoka Mwanza tarehe ishirini na nane. Msimu huu tumeruhusiwa kukusanya kwa majaribio tu. Akiridhika, chama kitaandikishwa na tutaendelea kununua pamba sisi wenyewe. Asiporidhika, tunarudi kumuuzia tajiri wa njia panda kwa mizani yake kama zamani. Wenzetu wa ng'ambo, Sengerema, wanangoja kuona yetu kabla ya kuanza ya kwao. Mimi ndiye katibu. Likiharibika, jina langu ndilo litakalotajwa mpaka huko.

Alhamisi, 9 Julai
Watu wanachepuka. Mchana wanatuunga mkono, jioni baiskeli zao zinaelekea njia panda na magunia nyuma. Masanja, mwenyekiti wetu, ameita baraza la kijiji, dagashida. Masanja ndiye pia nsumba ntale, mkuu wa vikundi vya kulima. Akisema kesho shamba la fulani, kijiji kizima kinatokea na majembe. Lakini leo alilalamika tu, na malalamiko hayajai ghala.

Nikasimama mimi. Mimi niliyesoma misheni, ninayewaambia watu kila siku kwamba mambo ya kale yanatuchelewesha. Nikasema: tunayo sheria ya wazee wetu, anayevunja neno la wote ananyimwa moto. Tuitumie kwa anayemuuzia tajiri.

Najua viberiti vipo dukani. Kunyimwa moto si kukosa kiberiti. Ni kutosalimiwa, kutolimiwa, kutochota maji na wenzako, na ukifa hakuna wa kukuchimbia kaburi.

Wanaume wote waliitikia kwa sauti moja. Nikaiandika kwenye daftari la chama kwa mwandiko wangu mzuri. Nilijiona mtu mkubwa. Nimerudi nyumbani nikala sahani mbili.

Jumapili, 12 Julai
Foleni mpaka kwenye mawe makubwa ya ziwani. Hakuna anayechepuka tena. Ghala linajaa hadi tunapanga magunia nje na kuyafunika turubai. Sheria yangu imefanya kazi kubwa kwa siku tatu kuliko hotuba zangu za mwaka mzima.

Minza, binti wa dada yangu Kabula, ameshikwa na uchungu. Alikuja wiki mbili zilizopita kujifungulia kwa mama yake, kama inavyotakiwa kwa mimba ya kwanza. Mke wangu Mbuke amekwenda huko. Mimi sijapata nafasi.

Jumatatu, 13 Julai
Niandike polepole.

Siku ya pili ya uchungu. Asubuhi mkunga alisema yamemshinda, mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali mjini. Dada alinitumia mtu ghalani. Nikakimbia kwa Masanja. Chama hakina gari. Chama kina mizani, daftari, turubai, na stakabadhi tunazowapa watu wangoje fedha. Tukaanza kufunga machela. Kwa miguu mpaka Mwanza ni kutwa nzima, na Minza alikuwa hana kutwa nzima ndani yake.

Kamba ya mwisho haijakazwa, lori la tajiri likapita mbele yetu kuelekea mjini. Minza alikuwa amelazwa juu ya magunia ya pamba, dada amempakata kichwa. Nikashukuru Mungu kwa sauti.

Kisha nikayatazama yale magunia vizuri. Yalikuwa ya dada, yenye alama yake. Msimu wake wote. Na kila aliyesimama pale aliyaona kama nilivyoyaona mimi.

Jumatano, 15 Julai
Minza yu hai. Amepasuliwa, amezaa mtoto wa kiume, bado yuko hospitali. Dada amerudi leo akitembea, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Hakuingia kwake. Alikuja moja kwa moja ghalani, mbele za watu.

"Nimemuuzia," alisema. "Nilimwambia nipe lori, akasema nipe pamba. Nikampa. Sikwenda kujificha."

Nikamwambia angengoja machela. Maneno ya kijinga. Nilijua ni ya kijinga yalipokuwa bado kinywani.

"Mdogo wangu, ile stakabadhi yako ina magurudumu?"

Mtu mmoja alicheka. Masanja hakucheka. Baraza likakaa mchana huohuo. Masanja hajui kusoma, na anapenda mambo yafuatwe. Akanipa daftari nisome kilichoamuliwa Alhamisi. Nikasimama nikasoma, mwandiko wangu mwenyewe, mbele ya dada yangu mwenyewe. Halafu Masanja akauliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa nalo. Nililimeza.

Dada ananyimwa moto kuanzia leo.

Alhamisi, 16 Julai
Mama alipofariki nilikuwa sijaota meno ya pili. Kabula ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenipeleka misheni akinivuta sikio nilipogoma. Leo alipita kando ya ghala na mtungi kichwani, peke yake. Nilijifanya nafunga kamba ya gunia. Kamba ilikuwa imekwisha kufungwa.

Nina aibu. Hakuna namna nyingine ya kuliandika.

Jumatano, 22 Julai
Minza amerudishwa na mtoto. Hajapona mshono. Kwa desturi mzazi anakaa ndani karibu na moto, wanawake wa jirani wanashika zamu: huyu maji ya kumkanda, huyu uji, huyu kufua. Kwa dada hakuna aliyekwenda. Moshi mwembamba tu juu ya paa. Kila mtu anautazama na kila mtu anajifanya anatazama mawingu.

Nilikwenda kwa Masanja kumwomba angalau zamu za wanawake ziruhusiwe, kwa ajili ya kichanga. Akanikaribisha, akanipa kiti kizuri. Akaniambia baba yake aliwahi kumnyima moto ndugu yake wa tumbo moja. Tukimwachia mmoja kwa kuwa ni dada wa katibu, alisema, kesho nani atatuamini? Masanja si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika.

Ijumaa, 24 Julai
Nimeamka kukipambazuka, Mbuke hayupo kitandani. Nikamkuta anavuka shamba la mihogo amebeba makaa kwenye kigae, kayafunika kwa jani la mgomba. Anaelekea kwa dada.

Nikamuuliza ameanza lini. Siku ileile ya kwanza, akasema, na kila asubuhi tangu hapo. Makaa, unga, na anamkanda Minza. Nikamwambia akionekana tutanyimwa moto sote. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu nilikuwa naogopa.

"Kwenye baraza mliulizwa nyinyi wanaume," alisema. "Mimi nani aliniuliza?"

Akaendelea na safari yake. Makaa yanapoa, mtu hawezi kusimama kubishana. Nimekaa siku nzima na swali lake. Nani analima pamba hapa? Wanawake wanapalilia, wanachuma, wanachambua. Sisi tunabeba mpaka mizani na kujiita wakulima.

Jumatatu, 27 Julai
Kesho ndiyo kesho. Ghala limefagiliwa. Nimekwaruza kutu ya mizani kwa mchanga. Masanja amepanga njia atakayopitishwa msajili. Haifiki kwa dada.

Jioni Masanja alinichukua pembeni. Msajili atauliza kama watu wamejiunga kwa hiari, alisema, wote huulizwa hivyo. Jibu ni ndiyo. Neno moja tu, Katibu.

Neno moja na tunaondokana na ule upande wa pili wa meza. Mzee Lugwisha na gunia lake. Watu wa Sengerema. Nimekosa hamu ya chakula. Nikisema kweli nawaua wote. Nikisema uongo, chama chetu kinaanza na mtu chini ya mguu, na mtu mwenyewe ni yule aliyenibeba mgongoni. Na ile sheria si ya Masanja. Ni yangu.

Jumanne, 28 Julai
Alikuja saa nne. Mzungu mrefu, kofia mkononi, Kiswahili chake cha darasani lakini kinaeleweka. Alikagua ghala, akapimisha gunia, akasema hajaona mizani safi kama hii. Watu wakapiga vigelegele. Masanja aling'aa.

Kisha akafungua faili. Je, kuna mtu yeyote hapa anayelazimishwa?

Masanja akanitazama. Wote wakanitazama. Niliona jasho langu likidondokea daftari.

Nikasema yupo mmoja. Ni dada yangu. Na sheria iliyomfunga niliitunga mimi, nikaiandika mimi, nikaisoma mimi. Nikafungua ukurasa nikamwonyesha.

Alisoma muda mrefu. Akafunga kalamu. Hawezi kuandikisha chama cha namna hiyo, alisema. Marufuku iondolewe leo. Atarudi Jumatatu kusimamia kura ya siri. Watapiga wote walimao pamba, wanaume kwa wanawake, bila kuonana. Wengi wakikitaka chama, ataandika barua. Wasipokitaka, basi.

Akaondoka. Nilifunga ghala nikaenda nyumbani peke yangu, na watu walinipisha njia kama wanavyompisha mgonjwa wa ndui.

Alhamisi, 30 Julai
Marufuku imeondolewa kwa mdomo. Miguu bado haijasikia. Kwa dada hawaendi, na sasa kwangu pia hawaji. Nilimwamkia Mzee Lugwisha shikamoo. Hakuitika. Mara ya kwanza maishani mwangu. Iliniuma kuliko matusi.

Tajiri amepata habari. Kila anayepita njia panda anapewa chumvi bure na maneno matamu kuhusu kura.

Jioni nimekwenda kwa dada. Ningekuwa mwanamume ningekwenda zamani, mchana kweupe. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi. Hakunipa nafasi. Alikuwa anatwanga. Alitoa mtoto mgongoni akanisukumia kifuani.

"Mshike. Mimi nina kazi."

Nikamshika mpaka unga ukaisha. Anakoroma kama mzee. Minza alinitazama kutoka kwenye mkeka, akatabasamu kidogo. Nilitoka nje haraka nisionekane nikilia.

Jumapili, 2 Agosti
Hesabu za kichwani siku nzima. Wanaume wamenikasirikia, wengine watakinyima chama kura ili kunikomoa mimi. Wanawake sijui. Hakuna ajuaye. Hatujawahi kuwauliza. Masanja anazunguka nyumba kwa nyumba na sauti imemkauka. Alipofika kwetu alizungumza na Mbuke, mimi akanipita.

Jumatatu, 3 Agosti
Msajili alitundika mkeka mrefu kama pazia kwenye mlango wa ghala. Nyuma yake vibuyu viwili. Kila mtu alipewa mbegu moja ya pamba. Kibuyu cha kulia, chama. Cha kushoto, tubaki kama zamani. Ukitoka unaonyesha viganja vitupu.

Wanaume walijipanga kwanza kwa mazoea. Msajili akawaambia foleni ni moja. Mzee Lugwisha alikaa huko ndani hadi watu wakaanza kukohoa. Alipotoka, uso haukusema lolote.

Dada alifika amejifunga kanga safi. Aliingia, akatoka, akaonyesha viganja kwa msajili, halafu kwa Masanja, ingawa Masanja hakuhitaji kuonyeshwa. Akaenda zake bila kuaga. Sikujua ametia wapi na sikuwa na haki ya kujua. Alikuwa na kila sababu ya kutia kushoto.

Vibuyu vilimwagwa juu ya turubai. Cha kushoto kilitoa konzi moja. Cha kulia kiliendelea kumwagika.

Kelele zilisikika labda mpaka njia panda. Masanja alibebwa juu juu. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha ghala. Nililia. Hakuna aliyeangalia upande wangu, afadhali.

Jumanne, 11 Agosti
Mkutano wa kwanza, wanawake ndani. Wamechagua viongozi. Masanja mwenyekiti tena. Katibu ni Bujiku, aliyekuwa karani bandarini Mwanza. Jina langu halikutajwa na mtu. Nilimkabidhi daftari, muhuri na funguo. Mwandiko wake mbaya sana.

Masanja alitangaza kwamba kitu cha kwanza chama kitakachotafuta ni gari. Alisema bila kunitazama. Dada alikuwa amekaa mstari wa pili. Wanawake wawili walikuwa wamekaa naye, huku na huku.

Ijumaa, 21 Agosti
Barua imekuja. Tumeandikishwa. Bujiku ameibandika ukutani kwa gundi ya muhogo.

Leo nimepeleka pamba yangu ya mwisho. Foleni fupi, jua la kawaida, upepo kidogo kutoka ziwani. Mzee Lugwisha alikuwa mbele yangu. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, kwa sauti ndogo, bila kugeuka.

Nilipofika mezani Bujiku alichovya kalamu akaniuliza jina, kama anavyomuuliza kila mtu. Mimi na Bujiku tulioga ziwani pamoja tukiwa watoto. Nikamtajia jina. Akaandika. Gunia likapanda kwenye mizani, nikasogea karibu nikasoma mwenyewe.