Jani Lililonawishwa Uso

Jumapili, 9 Machi. Asubuhi ya mawingu mepesi, upepo hakuna.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na Mama hakohoi tena. Mimi mzima, ila mikono imeshika utomvu wa tumbaku. Nimeisugua, utavumilia alama kwenye karatasi.

Uliuliza kuhusu simu ya shemeji. Ni kweli, chama cha wakulima kilimpa simu inayopiga picha jani na kusema kama mmea una njaa ya mbolea. Uliandika kwamba ardhi haina betri. Nilimsomea mama mkwe, akacheka mpaka akakaa chini. Lakini ndiye huyohuyo aliyeniambia, tulipomaliza kumzika mume wangu, kwamba msimu huu ukiharibika shamba nimwachie shemeji.

Wiki ya tano baada ya kupandikiza miche, mvua kubwa iliosha mbolea, majani ya chini yakapauka. Simu ikasema mbolea inatosha. Shemeji akaniuliza kama nina macho makali kuliko mashine.

Kesho yake nikamfuata shambani. Baba, alipita mistari yote akitafuta jani zuri kuliko yote, akalifuta vumbi kwa shati lake, ndipo akapiga picha. Nilipomuuliza, alisema hakuna anayekwenda kupigwa picha bila kunawa uso, na hawezi kutuma aibu ya ukoo mjini. Sikugombana. Nilimwomba simu, nikapiga yale yaliyopauka, mstari kwa mstari. Mashine ileile ikasema shamba lina njaa.

Kiasi ilikitaja kwa gramu, na mizani hatuna. Nikashika kifuniko cha soda kama ulivyonifundisha, kimoja cha mbolea kwa kila mche, nikafukia shubiri moja kutoka shinani. Sikurudia, maana tumbaku ikishiba kupita kiasi hukataa kuiva. Shemeji alichimba mashimo mbele yangu akinung'unika kwamba nimemgeuza mpiga picha wa wagonjwa.

Juzi tulifungua banda la kukaushia. Majani yametoka rangi ya chungwa, laini, hayavunjiki. Mama mkwe aliyanusa, akatamka mbele ya shemeji kwamba shamba linabaki kwangu na mbolea nitaamua mimi. Shemeji akasema sawa, ila simu ataibeba yeye, nisije nikakonda kwa kubeba vyeo vingi.

Sasa neno lililonikalisha kitini. Najua umekipaka chokaa chumba cha nyuma, ukitarajia nirudi mavuno yakiisha. Nilikubali siku za msiba. Baba, sirudi. Sijazuiwa na mtu. Kazi hii naiweza, nami naipenda. Chumba mpe mdogo wangu. Nitakuja kuwatembelea na kulala sebuleni kama mgeni mwingine, mikono ikiwa na zawadi.

Mama mkwe anawasalimu, shemeji pia. Mwambie Mama asilie kabla hujamsomea mpaka mwisho.

Ni mimi binti yenu,
mkulima.

Jumatatu alfajiri, kabla sijafunga bahasha: nilidhani baada ya kuandika neno lile nitakesha. Saa tatu na nusu usiku nilikuwa nimeshalala fofofo.