Mishono Iliyolala Kinyume

Sheridan, Wyoming
9 Machi 1931

Dada Leota,

Mgongo unauma ila kazi ipo. Leo nilifumua tandiko kuukuu la farasi. Mishono ilikuwa imelala kinyume, kama ya marehemu baba aliyeshona kwa mkono wa kushoto. Nikainua ngozi ya kiti. Chini yake, mahali mafundi wanapoficha majina, pameandikwa jina la baba kwa penseli: Amos Tackett, 1929.

Dada, si tuliambiwa alizama mtoni 1921?

Bosi akanitania, “Vipi Harlan, nyundo imekuangukia mguuni?” Nikamuuliza tandiko ni la nani. Mwenye tandiko anasema fundi huyo bado yupo Miles City. Kesho namfuata.

Mama usimwambie kwanza. Ila lile gauni lake la harusi ya pili unalolishona, nakuomba usilimalize.

Mdogo wako,
Harlan